Mita 200: sheria ya fulana, khanga na mabango karibu na kituo cha kura

Mtanzania aliyefuatilia uchaguzi wa 2015 hawezi kuisahau namba hii: mita 200. Vijiweni, ndani ya daladala na redioni, kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wapo walioapa kwamba ukishapiga kura una haki ya kukaa umbali huo ukailinda kura yako. Wengine walisema hata ukikutwa mita 500 umevunja sheria. Lowassa, mgombea urais, na wenzake wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, wakahimiza watu wabaki, Tume ya Uchaguzi na Rais Kikwete wakataka watu warudi majumbani, na mwisho wa yote jambo likaishia Mahakama Kuu siku mbili kabla ya kura.

Katika zogo lile lilipotea jambo moja ambalo hadi leo watu wengi hawalijui. Kifungu kilichotaja mita hizo kiliziweka kwa ajili ya vitu: kadi, picha, beji na alama nyingine zinazoonyesha unamuunga mkono nani. Namba iliazimwa kutoka kwenye fulana ikapelekwa kwenye miguu, na haijarudi mpaka leo.

Tuanze na maneno yenyewe, maana nusu ya ugomvi imo humo. Kituo cha kura ni pale kura inapopigwa, mara nyingi darasa la shule au ofisi ya kata. Shule moja inaweza kuwa na vituo vitano au zaidi, kila darasa na daftari lake na msimamizi wake. Alama ya kampeni ni kitu chochote kinachomwambia anayekiona kwamba mwenye nacho yuko upande fulani. Inaweza kuwa bango, bendera, kofia, khanga yenye sura ya mgombea, beji, hata kadi ya chama iliyoning'inizwa shingoni. Kampeni ni kitendo cha kuomba kura. Mtu anaweza kuwa amenyamaza kimya kama gogo lakini fulana yake ikawa inaomba kura kwa sauti kubwa, na sheria za namna hii zilitungwa kwa ajili ya ukimya huo wenye kelele.

Sasa, siku ya uchaguzi huwa na makatazo matatu ambayo watu huyachanganya kuwa moja.

La kwanza ni la muda. Kampeni zina siku ya kufungwa. Tanzania mwaka 2015 zilifungwa tarehe 24 Oktoba, kura ikapigwa tarehe 25. Kenya hufunga mapema zaidi, saa 48 kabla: mwaka 2022 kampeni zilikoma tarehe 6 Agosti na kura ikapigwa tarehe 9. Katazo hili halijali uko wapi. Uwe Namanga, uwe Newala, muda ukiisha umeisha.

La pili ni la mikusanyiko siku yenyewe ya kura. La tatu ni la alama, na hili ndilo lenye mita.

Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, iliyotumika mwaka 2015, iliyafunga la pili na la tatu ndani ya kifungu kimoja, cha 104, tena ndani ya sentensi moja ndefu. Ukiifumua unapata hivi: mtu asifanye mkutano siku ya kupiga kura, na mtu, akiwa ndani ya jengo ambamo kura inapigwa au mahali popote ndani ya mita 200 kulizunguka jengo hilo, asivae wala asionyeshe kadi, picha au alama inayoashiria kumuunga mkono mgombea fulani. Swali likawa hili: hizo mita 200 zinamhusu nani? Mwenye mkutano, mwenye fulana, au wote wawili?

Waliotaka kulinda kura walisoma kwamba mita zinawahusu wote wawili, kwa hiyo ukitoka nje ya duara unaruhusiwa kukusanyika. Amy Kibatala, mgombea wa viti maalumu kupitia Chadema, alikwenda Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam kuomba tafsiri. Jopo la majaji watatu likatoa uamuzi tarehe 23 Oktoba 2015: mikusanyiko hairuhusiwi siku ya kura, iwe ndani ya mita 200 au nje yake. Mtu anaweza kuupenda uamuzi huo au asiupende, na wengi hawakuupenda. Lakini ukiusoma pamoja na kifungu, unaona mita zimebaki kwa mwenyewe, yule mwenye fulana.

Nadhani hata wale walioshinda kesi hawakuliona hilo vizuri. Baada ya hapo matangazo mengi yalikuwa ya kuwaambia watu waende nyumbani, na ni machache mno yaliyowakumbusha wavue kofia.

Kwa nini basi kofia isumbue mtu? Fikiria chumba cha mtihani wa taifa. Siku moja kabla, walimu hupita wakibandua chati zote ukutani: jedwali la kuzidisha, ramani ya Afrika, mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Hakuna anayedai mtahiniwa ndiye aliyezibandika, wala hakuna anayesema ramani ya Afrika ni uongo. Zinaondolewa kwa sababu kwa saa zile chache ukuta hautakiwi kusema kitu. Kituo cha kura mara nyingi ni darasa hilohilo na ukuta uleule. Chati iliyo halali Jumatatu hadi Ijumaa huwa haramu kwa muda wa mtihani, kisha hurudishwa.

Ila kuna sababu nzito kuliko hiyo, na majirani zetu wa Kenya wanaifahamu vizuri zaidi. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama tawala cha wakati huo, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea wanayemtaka, au nyuma ya wakala wake, au nyuma ya picha yake. Wakahesabiwa kwa vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa ameshapita bila kwenda kwenye kura ya siri. Huo ndio mlolongo. Chifu alikuwa akiona, mwajiri akiona, mwenye duka anayekukopesha unga naye akiona. Hapakuhitajika kumpiga mtu. Ilitosha ajue kwamba anaonekana.

Ukishaelewa mlolongo, umeelewa kanuni ya fulana. Tuseme watu 300 wamesimama kwenye foleni ya kituo, na kila mmoja amevaa sare ya chama chake. Karatasi itapigwa kwa siri, sanduku litafungwa lakiri, mawakala wataapa kutunza siri, lakini mlolongo utakuwa umesharudi kwa mlango wa nyuma. Halafu mtazame yule mmoja aliyekuja na shati lake la kawaida. Yeye ndiye ataulizwa kwa macho: wewe mbona hujavaa? Ndiyo maana hoja ya kwamba "mimi nimevaa kwa hiari yangu" haitoshi. Hiari yako inakula siri ya jirani yako.

Marekani walipitia njia hiyohiyo miaka mia moja kabla ya mlolongo. Huko zamani serikali haikuchapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapisha ya kwake, mara nyingi kwa rangi yake, na mpiga kura alitembea nayo mkononi hadi kwenye sanduku huku mnunuzi wa kura akimfuata kwa macho. Dawa ilitoka Australia, ambako makoloni ya Victoria na South Australia yalianza kura ya siri kwa karatasi ya serikali mwaka 1856. Uingereza ikafuata mwaka 1872, na Wamarekani wakaanza kuiga kuanzia 1888. Pamoja na karatasi hiyo mpya lilikuja wazo la kuacha nafasi tupu kuzunguka kituo, isiyo na wapambe wala vipeperushi.

Nafasi hiyo iwe na ukubwa gani? Hapa kila mtu ana kipimo chake. Jimbo la Tennessee liliweka futi 100, yaani mita 30 na kidogo. Mweka hazina wa kampeni ya mgombea mmoja wa baraza la jiji la Nashville aliipinga akisema inamnyima uhuru wa kusema, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1992 mahakama ikaibariki futi 100. Ilikuwa moja ya nyakati adimu ambapo mahakama ile, inayolinda uhuru wa maoni kwa wivu mkubwa, ilikubali maneno ya siasa yazuiwe mahali fulani kwa sababu tu ni ya siasa. Sababu iliyowashawishi majaji ilikuwa historia ile ya karatasi za rangi na watu kununuliwa.

Louisiana ina futi 600, karibu mita 183, ambazo zinakaribia zetu. Kentucky ilikuwa na futi 300, zikavunjwa na mahakama ya rufaa mwaka 2015. Kabla hatujasema kisa chake, tufanye hesabu ndogo, kwa sababu mita zinadanganya. Duara la mita 30 lina eneo la karibu robo tatu ya ekari. Duara la mita 200 lina takriban ekari 31. Umbali umeongezeka chini ya mara saba, lakini ardhi iliyofunikwa imeongezeka zaidi ya mara 40. Na hizo ekari 31 umezihesabu kutoka nukta moja ya katikati. Ukianza kupima kutoka ukuta wa jengo refu la shule, zinazidi.

Kijijini ekari 31 ni shule, uwanja wake na mashamba mawili matatu. Manzese au Kariakoo ekari 31 ni mitaa: fremu za maduka, nyumba za kupanga, vituo vya bodaboda, genge la mama ntilie, na huenda ofisi ya tawi la chama yenye mlingoti na bendera inayopepea tangu mwaka jana. Hapo kanuni inaacha kuwa rahisi. Mama ntilie mwenye khanga ya kampeni aliyoipata bure mwezi uliopita na anayepika chapati mita 150 kutoka kituoni hana habari kwamba yumo ndani ya duara. Hakuna mstari wa chokaa. Mita 30 unaweza kuziona kwa jicho, hata kuziwekea kamba. Mita 200 za mjini hazionekani, kona mbili zimeshazificha.

Kisa cha Kentucky kilihusu jambo hilo hasa. Mwenye biashara mmoja alikuwa na kiwanja ng'ambo ya barabara kuu kutoka kituo cha kura. Akaweka mabango ya mgombea kwenye ardhi yake mwenyewe. Siku ya kura maofisa wakaja wakayang'oa, kwa kuwa yalikuwa ndani ya futi 300. Mahakama ya rufaa ikasema jimbo lilishindwa kueleza kwa nini lilihitaji eneo kubwa hivyo kuliko lile la Tennessee, na kwa nini liingie hadi kwenye mali ya mtu. Mimi naona mahakama ile iliuliza swali sahihi, na linafaa kuulizwa hata huku kwetu: mita hizi zinamlinda mpiga kura, au zinamsumbua mpika chapati? Siri ya foleni inaharibika pale wanafoleni wanapoonana. Bango lililoko nyuma ya nyumba tatu halionwi na mtu wa foleni.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi: alama ni nini hasa? Sare yenye jina la chama haina ubishi. Picha ya mgombea haina ubishi. Lakini rangi je? CCM wana kijani na njano, ACT-Wazalendo wana zambarau. Mwanafunzi wa zamani aliyevaa sweta lake la kijani la shule amevunja nini? Kwa mantiki ya kifungu cha 104, kinachotafutwa ni alama inayoonyesha kumuunga mkono mgombea. Rangi pekee haisemi hivyo. Ikiwa na nembo juu yake, inasema.

Hata hivyo si kila mahali jibu ni jepesi, na jimbo la Minnesota huko Marekani ni ushahidi. Sheria yao ya zamani ilikataza kuvaa kitu chochote "cha kisiasa" ndani ya kituo, neno hilo tu, bila kufafanua. Mwaka 2010 mpiga kura mmoja alikuja na fulana ya Tea Party, vuguvugu la kisiasa la kihafidhina, na beji ya kutaka watu waombwe kitambulisho kabla ya kupiga kura. Hakuna jina la mgombea popote. Akazuiwa, akarudi, mwishowe akaruhusiwa kupiga kura baada ya maelezo yake kuandikwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na jaji mmoja akamuuliza wakili wa jimbo: fulana yenye maneno ya Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya haki ya kumiliki silaha, inaruhusiwa? Wakili akajibu kwamba inaweza kuzuiwa. Na yenye Marekebisho ya Kwanza, ya uhuru wa kusema? Hiyo inaruhusiwa. Jibu hilo lilimmaliza. Mwaka 2018 majaji saba dhidi ya wawili waliiangusha sheria. Hawakusema fulana haziwezi kuzuiwa ndani ya kituo. Walisema zinaweza, ila mlinzi wa mlango lazima apewe kipimo anachoweza kukieleza, asiachiwe akisie kichwani mwake.

Ukilinganisha, kifungu chetu cha zamani kilikuwa kimeandikwa kwa uangalifu zaidi kuliko cha Minnesota, kwa sababu kilifunga alama kwenye mgombea. Sifa hiyo tuipokee. Si kila siku tunaipata.

Yapo mengine yanayosemwa mitaani ambayo yanafaa kunyooshwa. "Nikishapiga kura naweza kuivaa." Duara halikuulizi kama kidole kimeshapakwa wino. Waliobaki kwenye foleni bado wanakuona, na wao ndio wanaolindwa.

"Mbona nembo ya chama imo kwenye karatasi ya kura yenyewe?" Hili ni swali zuri. Tanzania karatasi ina picha ya mgombea na nembo ya chama chake, na alama kwenye karatasi si jambo geni: katika uchaguzi wa 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa kila jimbo walipewa jembe na nyumba ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Tofauti ni kwamba kwenye karatasi wote wamo, kwa ukubwa sawa, mbele ya mtu mmoja aliyejificha kwenye kibanda. Kwenye kifua chako yumo mmoja, mbele ya foleni nzima.

"Kanuni hii imewekwa kuwabana wapinzani." Ukitazama kitambaa peke yake, inambana zaidi mwenye kitambaa kingi. Chama kinachogawa khanga, kofia na fulana kwa malori ndicho chenye watu wengi wa kuambiwa wabadilishe nguo. Kama inasimamiwa kwa haki sawa kwa kila chama, hilo ni swali jingine na la msingi sana, lakini linamhusu msimamizi, maandishi hayana upande.

"Ukivaa unapoteza haki ya kupiga kura." Haki hiyo haitoki kwenye fulana. Njia inayotumika kwingi duniani ni kumwambia mtu aivue, aifunike au aigeuze, kisha aingie. Fulana hugeuzwa ndani nje na mambo yakaisha. Khanga na kitenge ni shughuli, maana rangi hupenya upande wa pili na sura ya mheshimiwa inaendelea kukutazama. Heri ujitande nyingine juu yake.

Halafu kuna watu wanaonukuu kifungu cha 104 kana kwamba bado ni kilekile. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Namba 1 ya mwaka huo, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani na ile ya uchaguzi wa serikali za mitaa ya madiwani. Tume nayo sasa inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Kwa hiyo anayekutajia namba ya kifungu kutoka sheria ya zamani, mwombe akuonyeshe mpya. Zanzibar, kwa upande wa Rais wa Zanzibar, Wawakilishi na madiwani, ina tume yake, ZEC, na sheria yake yenyewe, kwa hiyo usimhukumu mtu wa Michenzani, Unguja, kwa kipimo cha Magomeni ya Dar es Salaam.

Ukiona mtu amevaa sare kwenye foleni, usimvamie. Ndani ya kituo mwenye mamlaka ya utulivu ni msimamizi wa kituo. Mpiga kura humwambia yeye, na wakala wa chama vilevile. Kumvua mtu fulana kwa nguvu ni kosa linaloweza kuwa kubwa kuliko la fulana yenyewe.

Limebaki moja ambalo vijana huuliza kila mara: picha ya mgombea kwenye wasifu wa WhatsApp, au ujumbe wa kuomba kura uliotumwa ukiwa kwenye foleni? Mita zilitungwa kwa ajili ya karatasi na kitambaa, vitu vinavyoonwa na aliye karibu. Simu ikiwa mfukoni haionekani na mtu wa foleni. Ila ujumbe ule wa kuomba kura ni kampeni, na kampeni zilishafungwa jana yake. Hapo unagusa katazo la kwanza, la muda, ambalo halikuulizi umesimama wapi.